Jemadari Aliyepewa Nishani kwa Kazi ya Siri

Kwa desturi nishani ya askari hutolewa kwa tendo lililoonekana. Mtu ameokoa wenzake chini ya risasi, au ameshika daraja mpaka msaada ukafika. Wenzake wakashuhudia, na siku ya gwaride sifa zake husomwa mbele ya watu wote. Lakini kazi ya upelelezi wa taifa haina gwaride. Ikifanikiwa, watu hawaisikii; ikiharibika, kila gazeti huiandika. Basi serikali imheshimu namna gani mtu aliyeitumikia katika kazi kama hiyo? Jambo hili lilimpasa Rais Truman wa Marekani mwanzoni mwa mwaka 1953, na mmoja wa watu wa kwanza waliohusika alikuwa Jemadari Walter Bedell Smith.

Smith alizaliwa Indianapolis tarehe 5 Oktoba 1895. Mwaka 1911, angali kijana mdogo, alijiandikisha kuwa askari wa kawaida katika jeshi la akiba la jimbo lake. Hakupita katika chuo cha West Point, ambako wengi wa maofisa wakubwa wa Marekani walifundishwa. Mwaka 1917 alipata cheo cha Luteni, na mwaka uliofuata alijeruhiwa kwa vipande vya kombora huko Ufaransa. Kisha vita vikaisha, na vyeo vikawa vigumu kupatikana. Mpaka mwaka 1939, baada ya miaka zaidi ya 20 ya uafisa, alikuwa Meja tu. Mtu mwenye haraka angalitafuta kazi nyingine.

Aliyemtambua ni George Marshall, ambaye mwaka huo alifanywa mkuu wa jeshi la nchi kavu. Alimwita Washington, na mwaka 1942 Smith akatumwa kuwa mkuu wa ofisi ya vita ya Jemadari Eisenhower. Yafaa kueleza kazi hii, maana wengi huidhani kuwa ya ukarani. Mkuu wa vita husema jambo lifanyike. Mkuu wa ofisi yake ndiye ahakikishaye kwamba meli, petroli, ramani na amri zimefika kwa wakati wake. Ndiye pia awaambiaye watu wakubwa maneno wasiyopenda kuyasikia. Eisenhower alijulikana kwa uso wa ukunjufu. Ukali aliachiwa Smith, naye alikuwa nao wa kutosha. Tarehe 3 Septemba 1943, huko Cassibile katika kisiwa cha Sicily, yeye ndiye aliyetia sahihi mapatano ya Italia kuacha vita. Tarehe 7 Mei 1945 alitia sahihi tena huko Reims, Wajerumani walipoweka silaha chini.

Kuanzia 1946 mpaka mwisho wa 1948 alikuwa balozi wa nchi yake huko Moscow. Aliporudi alikuwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo, na mwaka 1950 madaktari walimpasua na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo lake la chakula. Katika hali hiyo Truman alimtaka ashike Shirika la Upelelezi, yaani CIA. Hakuitaka kazi hiyo, lakini aliikubali.

Shirika lenyewe lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na lilikuwa limeaibika. Mwezi wa Juni 1950 majeshi ya Korea ya Kaskazini yaliingia Kusini, na Washington haikuwa tayari. Smith alishika kazi tarehe 7 Oktoba. Siku tano baadaye shirika lilimwandikia Rais kwamba haikuelekea China kuingia vitani kwa nguvu zake zote mwaka huo. Kabla mwezi haujaisha askari wa China walikuwa wakipigana Korea. Haya yalitokea mikononi mwake, wala nishani haiyafuti.

Alilolifanya baada ya hapo ndilo lililompa sifa. Zamani jeshi la nchi kavu, jeshi la majini, jeshi la anga na wizara ya mambo ya nje kila mmoja alikuwa na habari zake na hukumu yake, na Rais hakujua amwamini nani. Smith aliweka baraza la wataalamu, akamleta William Langer, mwalimu wa historia wa Harvard, kuliongoza. Habari zote zililetwa mezani pamoja, na ikatolewa hukumu moja. Idara isiyokubali iliruhusiwa kuandika hoja yake chini ya ukurasa, ili Rais aone mahali ambapo watu wake hawakupatana. Jambo dogo kwa sura, lakini ni ulinzi mkubwa dhidi ya wale wanaomwambia mkubwa lile analotaka kusikia.

Mwaka 1952 aliunganisha pia ofisi mbili zilizokuwa zikishindana: moja ikikusanya habari kwa wapelelezi, nyingine ikifanya vitendo vya siri katika nchi za kigeni. Aliogopa kwamba vitendo vingemeza kazi ya habari.

Nishani ya Usalama wa Taifa iliwekwa kwa amri ya Truman tarehe 19 Januari 1953, siku moja kabla hajaondoka madarakani. Amri ilisema yaweza kupewa mtu yeyote, askari au raia, wa taifa lolote, kwa kazi bora ya upelelezi iliyofanywa tangu tarehe 26 Julai 1947, siku ambayo sheria iliyounda CIA ilitiwa sahihi. Smith aliipata mwaka huo huo. Uingereza ilikuwa imekwisha kumpa heshima zake pia, ingawa mgeni apewaye haitwi Sir.

Msomaji atauliza kama historia imemhukumu vivyo hivyo. Mwezi wa Februari 1953 alihamia wizara ya mambo ya nje, akawa wa pili wake. Agosti mwaka huo serikali ya Mosaddegh iliangushwa Iran, na Juni 1954 ile ya Árbenz katika Guatemala. Mambo yote mawili yalikuwa na mkono wa CIA, na Smith alikuwa miongoni mwa wakubwa waliojua na kukubali. Baadaye aliingia katika bodi ya United Fruit, kampuni ya ndizi iliyokuwa na mashamba makubwa Guatemala, na wengi wameona haya kuwa doa. Nishani yake ilitolewa kabla ya hayo, kwa ile kazi ya mezani.

Alifariki tarehe 9 Agosti 1961, akazikwa Arlington, karibu na kaburi la Marshall.