Vipande Vyeusi katika Kioo cha Televisheni

Mwezi huu twataka kunena juu ya sinema zitazamwazo nyumbani, na hasa juu ya vile vipande vyeusi vionekanavyo juu na chini ya picha, au kuume na kushoto. Watu wengi wa Dar es Salaam huvichukia. Mtu akinunua televisheni pale Kariakoo, katika maduka ya Mtaa wa Aggrey au Msimbazi, kisha akaona sehemu ya kioo ni nyeusi, hudhani amepunjwa, maana amelipia inchi 32 naye hazioni zote. Ndipo hushika rimoti, akaijaza picha hata kingo za kioo. Kumbe hapo ndipo apunjwapo.

Televisheni za zamani, zile za chogo, zilikuwa na kioo cha upana wa sehemu 4 kwa kimo cha sehemu 3, nazo sinema za kale zilikaribia umbo hilo hilo. Lakini televisheni zilipoenea katika nyumba za Marekani, watu wakapunguza kwenda sinema. Basi wenye sinema wakatafuta kitu ambacho kioo kidogo hakikiwezi, wakaipanua picha. Sinema ya kwanza kutolewa kwa namna iitwayo CinemaScope ilikuwa The Robe, mwaka 1953, nayo ni hadithi ya afisa wa Kirumi aliyelipata vazi la Bwana wetu kwa kupigiwa kura chini ya msalaba. Mwaka 1959 ikatoka Ben-Hur, pana kuliko hiyo: kimo kikiwa futi 1, upana wakaribia futi 2 na inchi 9.

Picha pana namna hiyo ukiijaza katika kioo cha 4 kwa 3 bila kuibana, huna budi kuitupa zaidi ya nusu yake. Kanda nyingi za video zilikatwa hivyo. Katika mashindano ya magari ya farasi waweza kumwona Ben-Hur, na adui yake aliye ubavuni asionekane. Walimu na waangalie neno hili. Mpiga picha akiwaweka wanyang'anyi wawili kuume na kushoto kwa msalaba, nawe ukazikata pembe, wanafunzi husikia watu wakisema, wala hawawaoni wasemao.

Siku hizi vioo vipya vina upana wa 16 kwa 9, na tabu imegeuka. Kanda za harusi, ubatizo na kipaimara za miaka ya 1980 na 1990 zilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3. Zikivutwa kuujaza upana wa kioo kipya, kila uso hupanuka kwa theluthi moja. Bibi arusi mwembamba amekuwa mnene, na padre amekuwa kama pipa! Watoto hucheka. Lakini yuko mjukuu asiyemwona nyanya yake kamwe ila katika kanda hiyo. Naye atajifunza uso usio wake.

Ukweli ni kwamba picha ya zamani iliyoachwa katika umbo lake, ndani ya kioo kipya cha inchi 32, hulingana na ile ya chogo cha inchi 26. Aliyezoea chogo cha inchi 29 ataiona imepungua, naye hakosei. Hata hivyo, heri uso mdogo ulio wa kweli.

Tazameni pia king'amuzi. Tangu 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa mjini Dar es Salaam, nyumba nyingi zina chombo hiki, nacho kina mpango wake wa umbo la picha, mbali na ule wa televisheni. Kimoja kikivuta na kingine kikikata, picha huharibika mara mbili.

Mwenye kupeleka kanda kwa fundi ili itiwe katika flashi na amwambie waziwazi: umbo libaki 4 kwa 3, pasikatwe kitu. Picha iliyovutwa yaweza kurudishwa kwa rimoti au kwa kompyuta, iliyokatwa hairudi. Na kanda yenyewe msimwachie fundi, wala msiitupe, mpaka mmekwisha kuitazama flashi nyumbani tangu mwanzo hata mwisho.