Maji, Imani na Elimu (Sehemu ya Pili): Sahani ya Kombe na Kisima cha Mji

Wiki iliyopita tuliishia Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale na maji aliyowagawia watu wakaamini kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Yale yalikuwa maji ya vita. Leo tuko pwani, na maji yetu ni ya mgonjwa: maji ya kombe.

Wasomaji wa bara huenda hawajaliona kombe likiandikwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani huchukua sahani nyeupe isiyo na maua. Huloweka nyuzi za zafarani katika maji ya waridi mpaka yakolee, huchovya kalamu ya utete, kisha huandika aya za Kurani humo ndani. Wino ukikauka humimina maji, huizungusha sahani mkononi taratibu, na maandishi huachia yote, mstari kwa mstari, sahani ikabaki nyeupe tupu. Maji yale, yaliyogeuka rangi ya dhahabu, hutiwa kwenye kikombe au chupa na mgonjwa huyanywa. Kwa mwenye kuamini, aya imehama kutoka sahanini kwenda mwilini. Asiyeamini naye, akitazama kwa makini, atakubali kwamba kuna kitu kimehama.

Kwa nini zafarani, ghali ilivyo, na si manjano iliyojaa kila jiko? Heshima ni sababu mojawapo, na harufu pia. Lakini andika kwa manjano uone: maji yatapita juu yake na doa litabaki, kama linavyobaki kwenye kanzu iliyomwagikiwa mchuzi. Rangi ya manjano haipatani na maji. Ile ya zafarani hutokana na kemikali iitwayo krosini, ambayo ni ya ukoo mmoja na rangi ya karoti. Ukoo huo kwa kawaida hupenda mafuta na kuyakimbia maji. Ndiyo maana ukikaanga karoti mafuta hugeuka rangi, ukiichemsha maji hubaki karibu vilevile. Krosini imejitenga na nduguze kwa jambo moja: kila ncha ya molekuli yake imefungwa sukari, na sukari huyeyuka majini bila taabu. Sukari ikiingia, huivuta rangi yote iliyofungwa nayo. Walimu wetu wa zamani hawakuijua krosini, ila waliijua sahani inayotoka safi.

Uwezo huu wa maji wa kuyeyusha vitu unatokana na umbo. Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, nazo hazikukaa mstari mmoja. Zimepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni upande wake. Upande huo ukawa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni ukawa na chaji chanya kidogo. Hivyo kila molekuli ya maji hushikana na jirani yake, na pia hukishika chochote chenye chaji kinachoangukia humo: chumvi, sukari, madini ya udongo, mkojo, dawa. Damu ni maji yaliyobeba vitu kwa utaratibu huohuo. Mwili wa mwanamume mzima ni maji kwa takriban asilimia 60, na wa mtoto mchanga ni zaidi ya hapo, karibu asilimia 75.

Hapa ndipo wahubiri wengi hukimbilia aya ya 30 ya Sura ya Al-Anbiyaa, inayoeleza kwamba kila chenye uhai kimefanywa kutokana na maji, wakaiweka kando ya asilimia hizo na kutangaza kwamba maabara imethibitisha msahafu. Mimi huwa nasita. Muumini hakuhitaji asilimia ili aamini, na asilimia hazikutafutwa kwa ajili ya aya. Nasita zaidi ninapoona zile picha za Mjapani Masaru Emoto zinazozungushwa kwenye simu, za maji yaliyosomewa maneno mazuri yakaganda kwa umbo la nyota na yaliyotukanwa yakaganda ovyo. Wapiga picha wake walichagua wenyewe fuwele za kupiga, na majaribio hayakuwekewa udhibiti ambao ungemzuia mtu kuona anachotaka kuona. Imani iliyoegemezwa kwenye picha za namna hiyo itaanguka siku picha zitakapoanguka.

Tuwaache hao, turudi kwa watu waliolichukulia suala la maji kwa uzito wake: wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu. Tatizo lao lilikuwa hasa hiyo tabia ya maji ya kupokea kila kitu. Maji ndiyo yanayomtoharisha mtu kwa ajili ya sala, lakini nayo hupokea najisi. Lini yanabaki tohara, na lini hayafai tena? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, jibu limejengwa juu ya kipimo kiitwacho kulatain. Ni maji yanayojaza shimo la dhiraa moja na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Kwa vipimo vya leo wengi huyakadiria kuwa lita 216. Yakiwa pungufu ya hapo, najisi ikiingia tu yameharibika. Yakifika hapo au kuzidi, hayaharibiki mpaka moja kati ya mambo matatu libadilike: rangi, ladha au harufu.

Ukilijua hilo utaelewa kwa nini misikiti ya zamani ya pwani ilijengewa birika kubwa la chokaa badala ya mitungi kadhaa. Lamu waliliongezea birika la nyumbani jambo lisilokuwamo katika vitabu vya fiqhi: walifuga samaki wadogo humo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakatia bakuli la kauri, maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Fiqhi nayo haikuwasumbua, maana samaki hata akifa hanajisi maji.

Rangi, ladha na harufu ni vipimo vya haki. Mwenye kutawadha hawezi kutakiwa kupima kwa kitu asichonacho, na macho, ulimi na pua kila mtu anavyo. Lakini vipimo hivi viliwekwa kujibu swali la ibada: je, maji haya yanafaa kwa sala? Havikuwekwa kujibu kama yanafaa kunywewa na mtoto. Maswali hayo mawili hukutana mara nyingi kiasi kwamba watu husahau kuwa ni mawili.

Mwaka 1869 yaliachana, na Unguja ikalipa. Kipindupindu kiliingia mjini mwishoni mwa mwaka huo, katika utawala wa Sayyid Majid, na kabla hakijatulia mwaka uliofuata kilikuwa kimeua maelfu. Alikuwako mjini tabibu Mskoti, Dk. James Christie. Aliwahoji wasafiri na wafanyabiashara, akaifuatilia njia ya ugonjwa kutoka nchi ya Wamasai kushuka Pangani hadi kisiwani, kisha mwaka 1876 akachapisha London kitabu kizima kuhusu maradhi hayo katika Afrika Mashariki. Kinachonivutia kwake ni kwamba alikifuata kipindupindu kwenye misafara, majahazi na masoko, wakati matabibu wengi wa zama zake bado walikitafuta kwenye hewa chafu.

Ufikirie mji wenyewe. Mji Mkongwe umekaa juu ya mawe ya matumbawe. Visima vilichimbwa humo, na mashimo ya vyoo yakachimbwa humohumo, nyumba kwa nyumba. Maji machafu yakipita polepole katika mchanga mzuri huchujwa. Yakipita katika nyufa za matumbawe hufika upande wa pili karibu yalivyo. Na kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu si kama kinyesi kingine. Ni majimaji yaliyofifia, yanayofanana na maji yaliyooshewa mchele, bila harufu kali. Yakiingia kisimani hayaachi alama. Maji yenye bakteria milioni moja katika kila mililita bado huonekana meupe. Kisima cha namna hiyo kina maji mengi kuliko kulatain, rangi yake ni ileile, ladha ni ileile, na harufu hakuna. Kwa kipimo cha sala ni tohara, na aliyetawadhia hapo sala yake imesihi. Aliyeyanywa angeweza kufa.

Mtu asidhani hili lilikuwa kosa la Waislamu au la Waswahili. Mwaka 1854 huko London, mtaa wa Broad Street, maji ya pampu ya mtaa yalisifiwa kwa utamu. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead aliyapenda mno hata akawa anapelekewa chupa kila siku, yakamuua huko mbali, ambako hakukuwa na ugonjwa. Kifo hicho kilimpa Dk. John Snow ushahidi aliokuwa akiutafuta, kwa sababu mjane na mtaa ule hawakushirikiana kitu kingine ila maji. Mpini wa pampu ukaondolewa tarehe 8 Septemba. Mwaka huohuo, mjini Florence, Filippo Pacini alimwona kijidudu mwenyewe kwa darubini, wala hakuna aliyemsikiliza. Ilibidi kumngoja Robert Koch miaka 30 hivi.

Ile hesabu ya kulatain ina mantiki yake, na mkemia yeyote ataitambua: kitu kidogo kikiingia katika maji mengi hufifia mpaka kisihesabike. Tone la mkojo katika lita 216 limekwisha. Mantiki hiyo inavunjika kwa kitu kimoja tu, kitu chenye uhai. Tone la mkojo halizai. Kijidudu cha kipindupindu kikishafika utumboni huzaana, na wachache walioponea majini huwa mabilioni ndani ya siku moja au mbili.

Sayyid Barghash, aliyemrithi nduguye Majid mwaka 1870, ndiye aliyeleta maji mjini kwa bomba kutoka chemchemi iliyoko upande wa Bububu. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Watalii huonyeshwa jumba lake la Beit el Ajaib na hamamu yake pale Hamamni. Mimi ningewaonyesha bomba kwanza. Thamani yake ni rahisi kuieleza: maji yaliyofungiwa tangu chemchemi hadi mfereji hayapati nafasi ya kupokea kitu njiani.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Sumu ya kipindupindu huzifungulia chembe za utumbo zimwage chumvi, na chumvi ikitoka maji huifuata. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya hupoteza hata lita moja kwa saa. Ukimnywesha maji matupu, yanapita tu. Lakini sumu hiyo haigusi mlango mmoja, ule ambao kila molekuli ya glukosi hupita pamoja na chembe mbili za sodiamu. Mpe sukari na chumvi pamoja: sukari itaivuta chumvi ndani, chumvi itayavuta maji. Robert Crane aliueleza mlango huo mwaka 1960. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladeshi walipofurika Bangaon nchini India na drip zikaisha, Dk. Dilip Mahalanabis aliamuru chumvi na sukari zichanganywe kwenye mapipa na ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo katika kambi vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Ukikosa pakiti ya dukani, kipimo cha nyumbani ni hiki: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi.

Neno “safi” katika sentensi hiyo ndilo linalonirudisha kwa mwalimu wa chuo. Nimewahi kumuuliza mmoja, mzee wangu wa heshima, kama maji anayooshea kombe yamechemshwa. “Yamechemshwa, mwanangu, yakapoa,” alinijibu, “kwani fiqhi imenikataza?” Haikumkataza. Maji yaliyochemka hayapotezi utohara, wala zafarani haiachi kuachia sahani. Kuhusu klorini, ambayo baadhi ya wazee huilalamikia kwa harufu, fiqhi ya Shafii huyasamehe mabadiliko yanayotokana na kitu ambacho maji hayawezi kuepushwa nacho, mfano matope ya mtoni au ukoga wa birika, na masheikh wengi wa leo huiweka dawa hiyo katika mlango huo. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilikwenda mbali zaidi mwaka 1978: lilikubali hata majitaka yaliyosafishwa yatumike kutawadhia, ikiwa rangi, ladha na harufu zimeondoka kabisa. Wakati huohuo lilihadharisha kuhusu kuyanywa, kwa sababu ya afya. Wazee wale waliyaona maswali mawili, wakayajibu mawili.

Wiki ijayo tutashuka chini ya kisima chenyewe. Chini ya miji yetu ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na kila mita moja yanayosimama juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takriban mita 40 zilizo chini yake. Tutaona kinachotokea pampu zinapovuta kuliko mvua inavyorudisha, na kwa nini kisima kilichokuwa kitamu utotoni mwa bibi yako leo kinakolea chumvi.