Michirizi ya Ndege na Hoja za Wanaoituhumu

Miongoni mwa itikadi zilizoenea Marekani na Ulaya tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, ipo ile isemayo kuwa michirizi myeupe inayoachwa angani na ndege si mvuke ulioganda, bali ni sumu inayonyunyizwa kwa siri, ama kugeuza hali ya hewa, ama kudhoofisha afya za watu. Wataalamu wa anga wakiulizwa habari hii aghalabu hucheka wakapita. Nami nakiona kicheko hicho kuwa dhuluma, kwa kuwa mwenye shaka ana haki ya kujibiwa kwa burhani, na kwa kuwa ndani ya shaka yake imo chembe ya kweli isiyopasa kudharauliwa.

Mafuta yanayoungua katika injini ya ndege ni jamii moja na mafuta ya taa, na kila kilo yake huzaa zaidi ya kilo moja ya mvuke wa maji, pamoja na masizi membamba mno. Katika kimo cha kilomita 10 au 11, mahali ambapo baridi hufikia nyuzi 40 hata 60 chini ya sifuri, mvuke huo utokapo katika joto la injini huyashika masizi na kuganda papo hapo ukawa chembechembe za barafu. Na aliyeamka Njombe asubuhi ya kipupwe akaiona pumzi yake ikigeuka ukungu ameushuhudia mwanzo wa jambo lenyewe.

Hoja wanayoitegemea zaidi wenye itikadi hii ni kwamba mchirizi wa maji hauna budi kutoweka upesi, hivyo ule unaodumu kwa saa nyingi ni wa sumu. Hoja hii ina sura ya mantiki, walakini imeisahau hewa yenyewe. Hewa ikiwa kavu, barafu hurejea kuwa mvuke nyuma tu ya ndege. Bali ikiwa imeshiba unyevu kupita kiasi, chembe zile hazidumu tu, huufyonza unyevu huo, zikakua na kutanda hata mchirizi ukawa wingu jepesi. Na kwa kuwa tabaka za hewa hutofautiana, ndege mbili zilizopishana kwa mita mia chache huweza kuacha alama zisizofanana kabisa. Masharti ya kuzuka kwa michirizi yalibainishwa na Schmidt wa Ujerumani mwaka 1941, kisha na Appleman wa Marekani mwaka 1953, na katika Vita Kuu ya Pili michirizi ya ndege za mabomu ilitanda juu ya Ulaya ikawafichulia adui mahali zilipo, nusu karne kabla ya tuhuma hii kuzaliwa. Kwetu karibu na Ikweta, ambako hewa ya kimo hicho ina baridi pungufu, michirizi ni haba zaidi, na mtu wa Mombasa anayehamia London huweza kuidhani ajabu mpya.

Husemwa pia kwamba maji ya mvua na udongo vimepimwa vikakutwa na alumini. Hapana shaka vitakutwa nayo, kwani alumini ni takriban asilimia 8 ya uzito wa gamba la dunia, na vumbi lolote huibeba. Mwaka 2016 wataalamu 77 wa kemia ya anga na uchafuzi walihojiwa, na 76 kati yao walijibu kwamba hawajaona dalili yoyote ya mpango wa siri wa namna hiyo.

Ama ile chembe ya kweli ni hii: kati ya 1967 na 1972 jeshi la Marekani lilinyunyiza kwa siri iodidi ya fedha katika mawingu ya Laos na Vietnam, ili kurefusha masika na kuharibu njia za adui, na mkataba wa kimataifa wa kuzuia vita vya namna hiyo ukafunguliwa kutiwa saini mwaka 1977. Kwa hiyo asemaye kwamba serikali huweza kuficha mambo hakusema uongo. Lakini siri ile ilifichuliwa kwa nyaraka na kwa ushahidi wa wahusika mbele ya Baraza la Seneti, wala si kwa picha za mawingu. Na ithibati ya jinsi hiyo ndiyo inayokosekana katika madai haya.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba tuhuma ya sumu huifunika hatia iliyo dhahiri, maana mawingu yanayozaliwa na michirizi huzuia joto la ardhi lisitoke, hasa usiku, yakazidisha joto la dunia linalotuletea ukame na mafuriko. Basi, msomaji, ukionyeshwa picha ya mchirizi, uliza kwanza ndege ilikuwa kimo gani na hewa ya huko ilikuwa na unyevu kiasi gani saa ile. Na asiyeweza kukujibu, usimkubalie tuhuma yake.