Ligi imesimama? Vaa raba, Matogoro inakusubiri

SONGEA. Ligi ikisimama, shabiki wa soka anakuwa kama mtu aliyeachishwa kazi. Asubuhi anasoma tetesi za usajili, mchana anazibishia kijiweni, jioni anazisoma tena zikiwa zimegeuka. Wiki ya kwanza anavumilia. Wiki ya pili anaanza kutazama marudio ya mechi ambazo matokeo yake anayajua. Wiki ya tatu mkanda wa suruali unasogezwa tundu moja.

Kwa shabiki wa Songea, dawa ipo karibu na anaitazama kila siku bila kulipa kiingilio. Milima ya Matogoro hiyo hapo, pembeni ya mji, imejaa miti na ukungu wa asubuhi. Ni mahali pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, huku chai ya asubuhi umekunywa nyumbani na ya jioni unaikuta palepale.

Likizo ya kupanda milima wengi wanaiona ni mambo ya Wazungu. Wanafikiri lazima uwe na viatu vya bei mbaya, fimbo mbili za chuma na begi lenye kamba kumi. Kumbe mtu mwenye raba zisizoteleza, chupa mbili za maji, koti la mvua na kofia ameshatimia. Kinachobaki ni pumzi, na pumzi haiuzwi dukani.

MLIMA UNAOZAA MITO

Matogoro si kilima cha kupigia picha tu. Hapo ndipo unapoanzia Mto Ruvuma, mto ulioupa mkoa jina na ambao, kabla ya kumwaga maji Bahari ya Hindi, unakuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji kwa sehemu kubwa ya safari yake. Unasimama mahali maji yanapotoka chini ya majani, unaweza kuyavuka kwa hatua moja. Huko mbele mto huohuo ni mamia ya kilomita.

Maji ya milima hiyo hayaendi upande mmoja pia. Mto Luhira unaelekea Ruvuma, lakini mto Luegu unakwenda kuungana na maji ya Rufiji. Matone mawili ya mvua yakianguka Matogoro, moja linaweza kwenda kufika baharini mpakani mwa Msumbiji, jingine likatokea Rufiji, mkoani Pwani. Ni kama mapacha waliosajiliwa na timu pinzani.

Ndiyo maana milima hiyo ni hifadhi ya msitu. Wanaofungua bomba mjini Songea wanayajua maji ya Luhira hata kama hawajawahi kuuona mlima kwa karibu. Anayekwenda kutembea aanzie ofisi ya misitu, aulize utaratibu na njia zinazoruhusiwa, halafu achukue kijana mwenyeji anayezijua. Moto haufai kuwashwa huko, na chupa iliyopanda na mtu inatakiwa kushuka naye.

Msimu nao ni wa kuchagua. Songea mvua zake ni za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wakati huo njia zinateleza kama uwanja uliomwagiwa sabuni. Juni na Julai kuna baridi ya kweli, lakini anga ni safi na njia kavu. Bahati nzuri ni kwamba ndio muda ambao mara nyingi ligi inakuwa mapumzikoni.

KUPANDA NI PUMZI, KUSHUKA NI MAGOTI

Wachezaji wa mchangani wanaijua hadithi hii. Mtu ana kasi, ana chenga, lakini ikifika dakika ya 60 anashika kiuno. Kilima kinaanika ukweli huo mapema zaidi. Anayetoka mbio ili kuwaonyesha wenzake, robo saa baadaye amekaa kwenye jiwe, na mama wa makamo aliyebeba kuni kichwani anampita huku akimpa pole.

Siri yake haijabadilika: anza taratibu, tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukiona maneno yanakatika, punguza. Wakati wa kupanda kazi ipo kwa moyo na mapafu. Wakati wa kushuka mzigo unahamia mapajani na magotini, na maumivu ya kesho yake mara nyingi ni ya kushuka. Mwenye goti bovu akate fimbo, apige hatua fupi, asikimbie mteremko kwa kuwa nyumbani panaonekana.

Kuhusu hewa, Songea ipo juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Timu za Dar es Salaam zilizokuja kucheza Uwanja wa Majimaji zilikuwa na haki ya kulalamikia baridi, lakini kusema hewa ilikuwa nyepesi ni kujitetea. Hata Mbeya, ambako ni karibu mita 1,700, watu wanacheza dakika 90 na wanaishi.

MARADONA NA HESABU YA MLIMA

Kisingizio hicho kina historia ndefu. Mwaka 2007 FIFA ilizuia mechi za kimataifa kwenye viwanja vilivyo juu ya mita 2,500. Bolivia ikapiga kelele, maana La Paz ipo takribani mita 3,600. Machi 2008 Diego Maradona akaenda La Paz kucheza mechi ya kuwaunga mkono wenyeji, Rais Evo Morales naye akiwa uwanjani. Ujumbe ulikuwa kwamba soka inachezeka popote watu walipozaliwa. Mwaka huohuo zuio likaondolewa.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1, 2009, Maradona akarudi La Paz akiwa kocha wa Argentina. Akapigwa 6-1. Wengi wakasema hewa. Lakini Julai 3, 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, Argentina yake ikafungwa 4-0 na Ujerumani mjini Cape Town, uwanja ambao upo karibu kabisa na bahari. Pale hewa ilikuwa tele. Mlima unaweza kumuumiza mtu, lakini hauwezi kubeba makosa yote ya mabeki.

WAKO WANAOPANDA KWA WAYA

Cape Town yenyewe ina jibu la swali ambalo Watanzania wamelibishania kwa miaka. Table Mountain, mlima unaoonekana nyuma ya uwanja ule, una gari la nyaya tangu 1929. Unaingia kwenye kibanda, kinavutwa na kebo, dakika chache baadaye upo zaidi ya mita 1,000 juu ukiutazama mji. Asiyetaka anapanda kwa miguu kupitia njia za mawe, na wapo wengi wanaopanda kwa miguu na kushuka kwa gari ili kuokoa magoti.

Uswisi wamekwenda mbali zaidi, hadi kwenye soka. Kijiji cha Gspon, jimbo la Valais, kina uwanja uliopewa jina la Ottmar Hitzfeld, kocha aliyebeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Borussia Dortmund 1997 na Bayern Munich 2001. Uwanja upo karibu mita 2,000 juu, na wachezaji na mashabiki wanafika kijijini kwa gari la nyaya kutoka Stalden, bondeni. Beki akibutua hovyo na mpira ukapita juu ya wavu, unaweza kuishia chini kabisa ya mlima.

La Paz nako, tangu 2014 magari ya nyaya ni usafiri wa kila siku. Yanaunganisha mji huo na El Alto, ulio juu ya mita 4,000. Mfanyakazi anapanda, mwanafunzi anapanda, muuza mboga anapanda. El Alto ndipo Bolivia ilipoifunga Brazil 1-0 Septemba 2025.

Kwetu mjadala ulishika moto 2019, Serikali iliposema inaangalia uwezekano wa kuweka magari ya nyaya Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Hoja yake ilikuwa kwamba wazee, watoto na watu wasio na siku sita za kutembea nao wangeuona mlima. Waongoza watalii na wapagazi wakapinga. Mgeni anayepanda kwa miguu anahitaji mtu wa kumwongoza, wa kumbebea mzigo na wa kumpikia kwa siku kadhaa. Anayepanda kwa waya anahitaji tiketi tu.

Pande zote mbili zina hoja. Bibi mwenye miaka 75 ana haki ya kuiona theluji. Na kijana wa Machame mwenye watoto shuleni ana haki ya kuuliza mkate wake utatoka wapi.

Upo pia ushahidi kwamba miguu bado inatosha. Juni 2017 wanawake kutoka mataifa takribani 20 walitembea siku kadhaa kuupanda Kilimanjaro, wakafika kwenye kreta, mita 5,714 juu, wakacheza mechi ya dakika 90, 11 kwa 11. Ilikuwa rekodi ya dunia ya mechi iliyochezwa juu zaidi. Matokeo yalikuwa 0-0. Pale hata aliyekosa bao la wazi alistahili kupigiwa makofi.

MJI ULIOPOTEZA WAGENI WA MECHI

Sasa rudi Songea, kwa Wanalizombe. Majimaji ni jina lililotokana na vita vya 1905 hadi 1907. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Kingoni mjini hapa, na kila Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Timu yenye jina hilo ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, na mwaka 2018 ikashuka pamoja na jirani yake, Njombe Mji.

Kushuka kwa timu hakuishii kwenye msimamo wa ligi. Simba au Yanga ikija, nyumba za wageni zinajaa, mama ntilie anaongeza sufuria, bodaboda hawalali. Shabiki anayesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hawezi kugeuza siku hiyohiyo. Timu ikishuka, mgeni huyo anabaki kwao, na mji unapoteza mapato ambayo hayamo kwenye kitabu cha mhasibu wa klabu.

Mgeni wa mlima anaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, na yeye haulizi timu ipo daraja gani. Siku ya kwanza anatembea Matogoro. Siku ya pili anakwenda makumbusho, kisha Chandamali, kwenye pango linalohusishwa na Nduna Songea Mbano aliyeupa mji jina lake. Siku ya tatu anachukua barabara ya Mbinga, apite kwenye vilima vya Wamatengo kuona ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo usiporomoke, na mashamba ya kahawa. Halafu anateremka hadi Mbamba Bay, akaoshe vumbi Ziwa Nyasa huku milima ikiwa nyuma yake.

Safari hiyo haihitaji nguzo za chuma wala mitambo. Inahitaji njia zilizowekwa alama, vijana waliofundishwa kuongoza wageni na huduma ya kwanza, utaratibu wa kibali usiomzungusha mtu, na choo safi. Hayo ni mambo ya halmashauri na wananchi, na faida yake inabaki kwa mwongozaji, mpishi na mwenye pikipiki. Na maji ya Luhira yanaendelea kutiririka.

Kuirudisha Majimaji Ligi Kuu ni kazi ya misimu, fedha na uvumilivu. Mlima haujashuka daraja. Upo palepale, kiingilio chake ni kuamka mapema, na Jumamosi hii hakuna mechi.