Sindano Mbili kwa Mwaka: Jeni Inavyonyamazishwa

Msomaji wa Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, ameuliza: sindano ya kolesteroli inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka hufanyaje kazi muda wote huo? Je, inabadilisha jeni za mtu?

Haibadilishi. Kinachozuiwa ni RNA mjumbe, nakala inayobeba agizo la jeni ili protini itengenezwe. Ndiyo maana nasema "kunyamazisha jeni" na kukataa "kuua jeni": aliyenyamazishwa yu hai, na dawa ikiisha atasema tena.

Fikiria barabara ya Kilwa kwenda Lubumbashi, malori yamejaa samaki wakavu. Tajiri aliyebaki Kilwa ni jeni. Malori yake ni nakala. Kwenye bariera kuna askari mwenye kikaratasi chenye alama ndefu ya tajiri mmoja, ile iliyopakwa kwenye malori yake yote. Kila lori analilinganisha na kikaratasi, herufi kwa herufi. Lisilofanana linapita. Linalofanana linakatwa vipande viwili hapohapo, samaki hawafiki sokoni. Askari huyo ni protini iitwayo Argonaute. Kikaratasi ni uzi wa RNA wenye herufi kama 21, ulioletwa na sindano. Na uzuri wote uko hapa: akishakata, kikaratasi hakitupi. Anangoja lori lingine la tajiri yuleyule, analikata nalo, miezi na miezi. Tajiri mwenyewe hajaguswa hata unywele.

Andrew Fire na Craig Mello waliueleza unyamazishaji huu mwaka 1998 kwa kuchunguza mnyoo mdogo, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Sindano yenyewe ni inclisiran, iliyoidhinishwa Ulaya Desemba 2020. Imeunganishwa na sukari ambayo seli za ini huipokea upesi, na ini ndilo linalotoa PCSK9, protini inayozuia kolesteroli kuondolewa damuni; jeni yake ndiye tajiri anayenyamazishwa.

Njia hii ilijaribiwa dhidi ya Ebola pia: ilikinga kima mwaka 2010, lakini haikuwafaa wagonjwa wa Sierra Leone mwaka 2015. Mimi tumaini langu naliweka kwenye homa ya ini aina ya B. Virusi vyake hukaa ndani ya ini, ambako sukari ile imekwisha kuijua njia, na katika majaribio protini za virusi hivyo zimepungua damuni mwa wagonjwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba na cha famasia. Naviomba viwafundishe vijana wetu elimu hii sasa, kabla dawa hazijafika.