Tegu wa Nguruwe: Mnyoo Anayeamsha Ubongo kwa Fujo

Je, wajua kwamba mtu asiyewahi kuonja kitimoto anaweza kuugua kifafa kinacholetwa na mnyoo wa nguruwe? Jambo hili linawahusu sana watu wa Ufipa, uwanda wa mahindi, maharage na nguruwe ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa.

Mnyoo mwenyewe ni tegu, kwa jina la kisayansi Taenia solium. Akishakomaa hana makao mengine ila utumbo wa binadamu. Ni utepe mweupe wa pingili, wenye urefu wa mita kadhaa, na kila pingili iliyopevuka hubeba maelfu ya mayai. Aliye naye mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Pingili hutoka na choo kimyakimya. Nguruwe aliyeachwa azurure baada ya mavuno hula kinyesi hicho, mayai yakaanguliwa tumboni mwake, na lava wakasafiri kwa damu hadi kwenye misuli. Huko hujifungia katika vifuko vya majimaji, vyeupe, ambavyo mchinjaji huviona kwa macho. Ndiyo maana wanunuzi wazoefu humfumbua nguruwe kinywa na kumpapasa ulimi kabla ya kutoa fedha.

Anayekula nyama hiyo kabla haijaiva hupata tegu wa tumboni. Kinachopanda kichwani huanzia kwenye yai, na yai hutoka kwa binadamu mwenzetu: kwa mikono isiyooshwa baada ya choo, kwa mboga au maji yaliyoguswa na kinyesi. Likishamezwa, lava anayetoka ndani yake anaweza kutua ndani ya ubongo na kukaa humo miaka.

Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba kifuko kilicho hai huipumbaza kinga ya mwili, na kwamba mtu huanza kuanguka kifafa pale kinapokufa, kinga ikakishtukia na ubongo ukavimba. Hilo bado lina uzito. Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na wenzao wa Zambia na Ulaya, wamegundua njia nyingine. Waliweka majimaji ya lava wa jamii ya tegu juu ya vipande vya ubongo vilivyokuwa bado hai, vya panya na vya binadamu, na seli za neva zikasisimka papo hapo. Kilichozisisimua ni glutameti, kemikali ileile ambayo seli za ubongo hutumia kuamshana. Ubongo wenye afya huitoa kwa kipimo na kuizoa upesi. Lava ana shehena yake mwenyewe. Huenda basi hatari haisubiri kifo chake.

Huko Mbozi, kusini-mashariki mwa Ufipa, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dalili za vifuko hai mwilini kwa karibu mtu 1 kati ya 6 waliopimwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pale mnyoo huyu alipozoeleka, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu bado wapo wanaoogopa povu linalomtoka mgonjwa mdomoni, wakamwacha aungue motoni alikoangukia. Povu haliambukizi mtu kifafa.

Aliyewahi kuanguka asinunue dawa ya minyoo dukani kwa kubahatisha. Vifuko vingi vikifa kwa mkupuo ubongo huvimba, na fuvu halina nafasi ya kuupisha. Daktari hutangulia na kipimo cha CT, kisha hutuliza uvimbe huku akitoa dawa ya minyoo ya albendazole, na dawa za kifafa huendelea.

Kwa nguruwe ipo chanjo ya TSOL18, iliyojaribiwa pia Tanzania pamoja na dawa ya oxfendazole. Mashariki mwa Zambia wamekwenda mbali zaidi: waliwatibu watu, wakachanja nguruwe na kutoa elimu kwa wakati mmoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba maambukizi yanaweza kukatika kijijini ndani ya miaka michache.