Waa, Kipele, Lengelenge

Ukiishika barabara itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge, ziwa likiwa mkono wako wa kuume na milima imekuinamia upande wa kushoto, hukawii kufika Gitaza, ambako ndagala huanikwa juani na watu huishi katika lugha tatu bila taabu: Kirundi ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha soko na mwalo, kwani kiliingia mwambao huu zamani pamoja na wafanyi biashara wa Ujiji, na Kifaransa ndicho cha daftari la kituo cha afya. Taabu huja siku ile ngozi ya mtu ichipukapo kitu ambacho hana budi kukieleza.

Mama ampelekaye mwanawe kwa mganga (na huku mganga ni tabibu wa hospitali, si mpunga pepo kama wadhanivyo watu wa pwani) aghalabu husema neno moja tu, upele. Ama upele wa kamusi ni maradhi mahsusi, yale ambayo Warundi huyaita ubuheri, yaletwayo na kidudu kidogo mno kichimbacho handaki katika ngozi, hasa baina ya vidole, kikamwasha mtu usiku zaidi kuliko mchana. Lakini upele wa maongezi ni kila kitokacho mwilini, tangu harara ya joto hata tetekuwanga. Mama ametaja maradhi, ilhali mganga angali akitafuta umbo.

Desturi hii ya kutazama umbo kwanza ina historia ndefu. Al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki katika karne ya 10, aliandika kwa Kiarabu risala ya kubainisha ndui na surua, ambazo wengi walizichanganya. Na kutoka katika Kiarabu hicho cha matabibu ndiko yalikotufikia maneno jedhamu na barasi. Baadaye sana, mwaka 1798, Robert Willan wa London alianza kuchapisha kwa sehemu kitabu cha maradhi ya ngozi alimoyapanga kwa mafungu manane, kila fungu kwa alama ionekanayo kwa jicho na kuguswa kwa kidole; mauti yalimkuta mwaka 1812 kazi haijaisha. Istilahi zake za Kilatini, papula, vesikula, pustula, ndizo ambazo hadi leo mwuguzi wa Gitaza huziandika kwa tahajia ya Kifaransa.

Wala Kiswahili hakikosi maneno ya kuzijibu. Fumba macho upitishe kidole: usipohisi kitu, hilo ni waa, na likitanda ni baka. Kidole kikipanda juu ya kitu kigumu kidogo, hicho ni kipele. Kikijaa maji, ni lengelenge, na hapa Willan alitupita kidogo, maana yeye alitenga malengelenge madogo na makubwa kwa majina mawili. Maji yakigeuka usaha twasema kimetunga usaha. Kikikauka hubaki kigaga, na kigaga kikibanduka pengine huacha kovu.

Mpangilio huo, kuanzia waa hata kigaga, ndio mwenendo wa maradhi ya mpox, ambayo Burundi ilitangaza kuzuka kwake mwezi Julai 2024, baada ya aina yake mpya kuibuka mwaka uliotangulia huko Kamituga, Kivu Kusini, ng'ambo ya ziwa. Watu waliyaita ndui ya nyani, jina ambalo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeliacha tangu Novemba 2022 kwa kuogopa kuwafedhehesha wagonjwa; na kwa hakika nyani hana hatia kubwa, ila virusi hivyo vilionekana kwanza mwaka 1958 katika nyani wa maabara mjini Copenhagen. Ukimwambia mvuvi atazame upele, atakuonyesha mikono iliyokwaruzwa na nyavu. Mwulize badala yake kama vipele vya mahali pamoja vyaenda sawa, vyote malengelenge au vyote usaha, kama vimefika viganjani na nyayoni, na kama ametoka mitoki. Kwani katika tetekuwanga kipele kibichi hukaa jirani na kigaga.

Wekundu nao una kisa chake. Vitabu vya Ulaya hutaja wekundu kana kwamba ngozi zote ni nyeupe, ilhali juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hujificha, ukaonekana kama zambarau au weusi uliozidi. Ndiyo maana naona fahari kwamba tangu mwaka 1992 kipo Moshi, Tanzania, chuo cha kuwafundisha waganga wa Afrika maradhi ya ngozi juu ya ngozi za wenyeji wenyewe.

Lakini linalonitia shaka kuliko yote ni baka. Jedhamu, ambayo bakteria wake aligunduliwa na Hansen wa Norwe mwaka 1873, na ambayo siku hizi hutibika kwa dawa za miezi sita au kumi na miwili zitolewazo bure, mara nyingi huanza kwa baka lililofifia rangi, ambalo mganga akiligusa kwa pamba mgonjwa hahisi. Haliumi, haliwashi, wala halitoi maji. Mama hawezi kuliita upele, na kwa kuwa hana jina la kulipeleka nalo kwa mganga, humvalisha mtoto shati akamtuma dukani.